Kubadili faili za picha: Kompyuta yako au tovuti ya mbali?

KATIKA miji ya Korogwe na Handeni, duka la steshenari limegeuka kuwa ofisi ya kila mtu. Anayetaka kusajili jina la biashara, anayeomba kazi serikalini, mzazi anayemsaidia mtoto wake kuomba mkopo wa elimu ya juu na mkulima anayetaka kutuma picha za shamba, wote hupita hapo. Na karibu kila mmoja wao hufika akiwa na picha iliyopigwa kwa simu.

Tatizo ni kwamba picha iliyotoka kwenye simu mara nyingi siyo ile inayotakiwa. Mfumo unataka PDF, simu imetoa JPEG. Mfumo unataka faili ndogo, simu imetoa megabaiti nne. Wakati mwingine simu imetoa aina ya faili ambayo kompyuta ya dukani haijawahi kuiona, na haifunguki kabisa.

Hapo mwenye duka analazimika kuibadili faili hiyo, na mbele yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia programu iliyowekwa ndani ya kompyuta yake, ambayo hufanya kazi hata intaneti ikiwa imekatika. Ya pili ni kuipeleka faili kwenye tovuti, ikabadilishwe huko kwenye seva ya mbali, kisha kuipakua ikiwa tayari.

Njia ya pili huonekana rahisi. Haihitaji kuweka chochote kwenye kompyuta, haihitaji mafunzo, na tovuti nyingi hazidai malipo kwa faili chache. Hata hivyo, ukipiga hesabu ya bando, muda, umeme na usalama wa nyaraka za watu, picha inakuwa tofauti.

Mahitaji yamebadilika

Miaka ya nyuma, fomu nyingi zilijazwa kwa kalamu na kupelekwa kwa mkono Tanga au Dar es Salaam. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa mtandao. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ulianza kutumia mfumo wake wa usajili kwa njia ya mtandao mwaka 2018. Maombi ya ajira serikalini hupitia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na maombi ya mikopo ya wanafunzi hupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

Kwa upande wa zabuni, mfumo wa NeST ulianza mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Kikundi cha vijana au wanawake kinachotaka kuuza viti, chakula au huduma kwa halmashauri kinapaswa kuwa humo, na nyaraka zake zinapaswa kuwa katika hali ambayo mfumo unaikubali.

Mifumo hii yote ina jambo moja linalofanana. Haina huruma. Karani wa zamani aliweza kuipokea fotokopi iliyofifia na kusema itasaidiwa mbele ya safari. Mfumo ukiona faili ni kubwa kuliko kiwango au si ya aina inayotakiwa, unaikataa, na siku ya mwisho ikipita mlango unafungwa.

Kwa mtu anayetoka Sindeni au Kwamsisi kuja mjini Handeni, au anayeshuka kutoka Bungu kwenda Korogwe, kukataliwa faili maana yake ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea. Kwa mwanafunzi, inaweza kuwa mwaka mzima.

Si kila picha ni moja

Kabla ya kuchagua chombo cha kubadilishia, inafaa kujua kinachobadilishwa. Faili za picha ziko za aina nyingi na kila moja ilibuniwa kwa kazi yake.

JPEG, iliyopata kiwango chake cha kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiyo inayotumika zaidi kwa picha za watu, mashamba na mandhari. Hupunguza uzito wa picha kwa kutupa sehemu ambazo jicho haliwezi kuzigundua kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba kila inapofunguliwa, kurekebishwa na kuhifadhiwa upya, hutupa tena kidogo. Cheti kilichohifadhiwa hivyo mara tano au sita huanza kuonyesha ukungu pembezoni mwa herufi.

PNG, iliyotoka mwaka 1996, haitupi chochote. Inafaa kwa nembo, mihuri, saini na michoro yenye maandishi. Lakini ukiitumia kwa picha ya shamba, faili huwa nzito mara kadhaa kuliko JPEG.

HEIC ndiyo inayowasumbua wengi wenye maduka. Simu za iPhone zilianza kuitumia mwaka 2017 kwa sababu huhifadhi picha kwa takriban nusu ya uzito wa JPEG. Baadhi ya simu za Android pia zina uwezo huo. Kompyuta nyingi za zamani haziifungui bila kuongezewa kitu. WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, ndiyo hupatikana mtu anapohifadhi picha kutoka kwenye tovuti.

PDF yenyewe si picha bali ni bahasha. Ilibuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Ndani yake zinaweza kuwekwa kurasa nyingi, na ndiyo maana ofisi hupenda kuipokea.

Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kudhani kwamba ukibadili jina la faili umeibadili faili. Mtu huchukua picha ya HEIC, anafuta herufi za mwisho wa jina na kuandika JPG. Jina limebadilika, lakini ndani ni ile ile, sawa na kubandika nembo ya mchele kwenye gunia la mahindi. Mfumo ukiifungua utagundua, na utaikataa.

Hesabu ya bando

Chukua mfano wa duka linalopokea wateja 20 kwa siku, kila mmoja akiwa na vyeti vitano vilivyopigwa picha kwa simu. Kila picha ikiwa na megabaiti 4, mteja mmoja ana megabaiti 20, na wateja 20 wana megabaiti 400.

Duka likitumia tovuti, megabaiti hizo 400 zote husafiri kwenda nje kila siku. Zikirudi zikiwa zimepunguzwa hadi robo, ni megabaiti nyingine 100. Jumla ni megabaiti 500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, ni gigabaiti 13, na hapo mwenye duka bado hajatuma ombi hata moja kwenye mfumo wenyewe.

Duka likitumia programu iliyomo ndani ya kompyuta, kazi hiyo ya kubadili haili bando hata kidogo. Kinachotumia intaneti ni faili iliyokwisha kupunguzwa, inapopakiwa kwenye mfumo husika. Kila mwenye duka anaweza kuzidisha gigabaiti hizo 13 kwa bei ya bando analonunua, akaona ni fedha kiasi gani zinazotoka mfukoni kila mwezi bila kuonekana.

Kuna pia suala la muda. Kasi ya kupakia kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kupakua. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, megabaiti 20 za mteja mmoja huchukua takriban dakika 2 na sekunde 40 kupanda tu, kabla ya kusubiri zibadilishwe na kushuka. Kompyuta ya kawaida hubadili picha hizo tano ndani ya sekunde chache.

Katika kipindi ambacho foleni ni ndefu, kwa mfano siku za mwisho za maombi ya mikopo, dakika hizo ndizo zinazoamua kama mteja wa 20 atahudumiwa au ataambiwa arudi kesho.

Mtandao na umeme havina mwenyewe

Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu katika pwani ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote na huduma haikurejea kwa siku kadhaa.

Matukio kama hayo si ya kila wiki. Hata hivyo, yanaonyesha kwamba biashara iliyojengwa yote juu ya tovuti za mbali husimama siku ambayo mtandao umesimama. Mwenye programu ndani ya kompyuta yake angeweza katika siku hizo kuendelea kupokea picha, kuzibadili, kuzipanga kwenye mafaili ya wateja na kuzichapisha, akisubiri tu mtandao urudi ili azitume.

Umeme nao una hesabu yake. Hale, wilayani Korogwe, kuna kituo cha kufua umeme wa maji cha megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964, lakini kuwa jirani na mitambo hakujawahi kumkinga mtu na giza. Katika mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha, biashara ndogo nyingi nchini zilijifunza thamani ya kompyuta mpakato yenye betri nzima.

Kwa anayetumia betri, programu ya ndani ina faida nyingine. Haitegemei kifaa cha kusambaza intaneti ambacho nacho kinataka umeme.

Nyaraka za watu ni amana

Jambo lililo zito kuliko bando ni hili: faili inayopakiwa kwenye tovuti huwa imetoka mikononi mwa mwenye duka. Imekwenda kwenye seva ya mtu mwingine, mara nyingi katika nchi nyingine, na kilichomo ni kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, saini, hati ya kiwanja au taarifa za benki za mteja.

Tovuti zenye sifa nzuri hueleza kwamba hufuta faili baada ya saa moja, mbili au 24. Huenda zinafanya hivyo. Lakini mteja aliyekaa kwenye benchi pale Korogwe hana njia ya kuhakikisha, na mara nyingi hajui kabisa kwamba kitambulisho chake kimesafiri.

Wasiwasi huo si wa kufikirika. Machi 2025, ofisi ya Denver ya Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, ilitoa tahadhari kuhusu tovuti zinazojifanya kubadili faili bure. Kwa mujibu wa tahadhari hiyo, baadhi hufanya kweli kazi iliyoombwa, lakini faili inayorudishwa huwa imebeba programu haribifu, na nyingine huchota taarifa binafsi zilizomo ndani ya nyaraka zilizopakiwa.

Ujanja wa matapeli hao uko wazi. Hununua matangazo ili tovuti yao itokee juu mtu anapotafuta jinsi ya kubadili picha kuwa PDF. Mwenye haraka hubofya ya kwanza anayoiona. Alama ya hatari ni tovuti inayodai kwanza uweke programu fulani, au inayorudisha faili yenye jina linaloishia na EXE wakati uliomba PDF.

Nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi kujisajili, na imeweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Mwenye duka anayeshika vitambulisho vya mamia ya watu hawezi kusema jambo hilo halimhusu.

Kadhalika, programu ya ndani haiondoi wajibu wote. Kompyuta ya dukani iliyojaa vyeti vya watu wa miaka mitatu iliyopita, isiyo na nywila na inayochezewa na kila anayepita, ni hatari ile ile kwa sura nyingine. Fleshi inayozunguka kutoka kompyuta hadi kompyuta nayo hubeba virusi. Anayechagua kufanya kazi ndani lazima awe na utaratibu wa kufuta faili za wateja kazi inapokwisha.

Programu zipi zinafaa

Habari njema ni kwamba kazi nyingi haihitaji kununua kitu. Windows 10 na 11 zina kichapishi cha ndani kinachotoa PDF badala ya karatasi. Mtu huchagua picha za vyeti vyote kwa pamoja, anabofya kuchapisha, anachagua kichapishi hicho, na vyote vinatoka katika PDF moja yenye kurasa kwa mpangilio. Simu za Android nazo zina uwezo wa kuhifadhi picha kama PDF kupitia sehemu ya kuchapisha.

Kwa kubadili picha moja moja, Paint iliyomo ndani ya Windows inatosha kuitoa PNG ikawa JPEG na kupunguza vipimo vyake.

Kwa kazi ya wingi, IrfanView, iliyoanza mwaka 1996, ni nyepesi na hufanya kazi hata kwenye kompyuta kongwe. Faili yake ya kusakinisha ni chini ya megabaiti 10. Hubadili mamia ya picha kwa amri moja, na ikiongezewa nyongeza zake husoma aina nyingi za faili. Ni bure kwa matumizi ya nyumbani, lakini duka linalotoza wateja linatakiwa kulipia leseni.

XnConvert nayo ilitengenezwa mahsusi kwa kubadili picha nyingi kwa mpigo, na masharti yake yanafanana: bure kwa mtu binafsi, leseni kwa kampuni. Asiyetaka suala la leseni anaweza kutumia GIMP au ImageMagick, ambazo ni bure hata kwa biashara. GIMP ni nzito, zaidi ya megabaiti 200 kuipakua, lakini inafungua HEIC tangu 2018 na inafaa pia kwa kurekebisha picha za pasipoti. ImageMagick ni nyepesi na ina nguvu sana, ila hutumiwa kwa kuandika amri, hivyo inamfaa kijana aliyezoea kompyuta.

Programu hizi zipakuliwe kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe. Kupokea nakala kwenye fleshi ya jirani ni kukaribisha yale yale yanayoogopwa kwenye tovuti za matapeli. Duka moja likishaipakua kutoka kwa mtengenezaji, linaweza kuihifadhi faili hiyo kwa siku kompyuta itakapoharibika.

Kwa tatizo la HEIC, dawa bora ni kulikata mzizi. Mwenye iPhone akienda kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, anaweza kuchagua picha zipigwe kwa JPEG moja kwa moja. Mwenye duka anayemfundisha mteja jambo hilo kwa dakika moja hujiokolea kazi ya mwaka mzima.

Wapi tovuti inashinda

Haitakuwa haki kuzihukumu tovuti zote. Yapo mazingira ambayo ndizo zinazofaa.

Mkulima mwenye simu tu, asiye na kompyuta, anayetaka kubadili picha moja ya gunia la mahindi ili aiweke kwenye tangazo, hana sababu ya kusafiri. Picha hiyo haina siri, ni moja, na bando lake ni dogo. Vivyo hivyo kwa faili ya aina adimu ambayo programu za dukani haziisomi, kwa mfano mchoro wa fundi ramani au faili ya kamera kubwa. Tovuti zinazojulikana husoma aina mamia kadhaa.

Ipo pia njia ya katikati. Baadhi ya tovuti hubadili picha ndani ya kivinjari cha mtumiaji, bila faili kwenda kokote. Squoosh, iliyotolewa na watu wa Google mwaka 2018, ni mojawapo. Namna ya kuijaribu tovuti ya aina hiyo ni rahisi: fungua ukurasa, ukishakamilika zima data, kisha jaribu kubadili picha. Ikibadilika, kazi imefanyika kwenye kifaa chako. Ikigoma, huenda ilikuwa ikiipeleka faili nje.

Upande wa wakulima na ushirika

Katika wilaya hizi mbili, picha si suala la vyeti peke yake. Korogwe kuna wakulima wadogo wa mkonge waliojiunga katika vyama vya ushirika vya AMCOS, na Handeni kuna mahindi, mihogo, machungwa na mifugo. Vyama vinazidi kutakiwa kuwa na kumbukumbu za wanachama, pamoja na picha za watu, vitambulisho na mashamba.

Chukua chama chenye wanachama 120, kila mmoja akiwa na picha mbili, ya kitambulisho na ya shamba. Ni picha 240, karibu gigabaiti moja zikiwa kama zilivyotoka kwenye simu. Kuzipitisha kwenye tovuti moja moja ni kazi ya siku nzima, na huduma za bure huweka kikomo cha idadi ya faili kwa siku.

Programu ya ndani ikiagizwa kupunguza upande mrefu wa kila picha hadi pikseli 1,600, kila moja itashuka hadi takriban kilobaiti 400. Picha zote 240 zinakuwa chini ya megabaiti 100 na zinaingia kwenye fleshi ndogo kuliko zote. Karani anaweza kuiacha kompyuta ifanye kazi hiyo wakati anakunywa chai.

Hesabu ya pikseli inafaa kueleweka. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4,000 na kimo cha 3,000. Ukipunguza kila upande kwa nusu, zinabaki megapikseli 3, yaani robo. Ndiyo maana kupunguza vipimo hushusha uzito haraka kuliko kupunguza ubora. Kwa cheti cha ukubwa wa A4, pikseli 1,654 kwa 2,339 zinatosha kusomeka vizuri na kuchapishwa. Lakini kuikuza picha ndogo hakurudishi maandishi yaliyokwisha kupotea.

Kwa wakulima wa mihogo, upo mfano unaoonyesha nguvu ya kufanya kazi bila mtandao. Programu ya simu ya PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya IITA, huchunguza jani la muhogo kwa kamera na kutambua dalili za batobato na michirizi ya kahawia. Hufanya hivyo ndani ya simu yenyewe, shambani, hata mahali ambapo hakuna mawimbi, na kwa Kiswahili.

Ipo pia siri ndogo iliyomo ndani ya picha. Simu nyingi huandika ndani ya faili tarehe, saa na mahali picha ilipopigwa. Kwa mkulima anayethibitisha shamba lake kwa mkopeshaji au mnunuzi, taarifa hizo ni ushahidi, na baadhi ya tovuti pamoja na WhatsApp huzifuta picha inapopita. Anayezihitaji aitume picha kama waraka, au atumie programu yenye chaguo la kuzihifadhi.

Kinyume chake, kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Handeni anayemwonyesha mnunuzi picha ya mwamba, taarifa hizo zinaweza kumfikisha mgeni hadi kwenye shimo kabla ya makubaliano. Huyo anapaswa kuzifuta kwanza. Programu nzuri ya ndani humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua. Tovuti mara nyingi humchagulia.

Utaratibu unaofaa dukani

Kwa mwenye duka, uamuzi unaweza kuwekwa katika maswali matatu. Je, faili ina taarifa za mtu? Je, ni nyingi? Je, kazi hii itarudi kesho? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote, programu ya ndani ndiyo njia. Yakiwa hapana yote matatu, tovuti inayoaminika inatosha.

Baada ya hapo, faili halisi ya mteja isiguswe. Ihifadhiwe pembeni na kazi ifanywe kwenye nakala, kwa sababu JPEG iliyopunguzwa haiwezi kurudishwa ilivyokuwa. Faili iliyobadilishwa ifunguliwe na kusomwa mbele ya mteja kabla ya kutumwa, hasa majina, namba na mihuri. Mteja akishaondoka na nakala yake, mafaili yake yafutwe siku iliyokubaliwa.

Barabara ya lami kati ya Korogwe na Handeni ina kilometa 65, na kwa anayetoka kijijini safari huwa ndefu zaidi. Mteja akishazoea kwamba duka fulani humaliza kazi kwa safari moja, umeme uwepo au usiwepo, na kwamba kitambulisho chake hakitakutwa mahali asipopajua, atarudi na atamleta jirani yake. Hiyo ndiyo faida ambayo megabaiti 10 za programu zinaweza kumletea mjasiriamali mdogo, na anaweza kuanza kuitafuta leo, mtandao ukiwa bado upo.